Neno "Kariakoo": Asili Yake, Matumizi Yake na Mzigo Uliosahauliwa

1. Utangulizi

Mtu asimamaye asubuhi katika kituo cha Buguruni Sheli, jijini Dar es Salaam, husikia kwa muda mfupi maneno mawili yaliyozaliwa katika lugha ya Kiingereza, wala hayatambui kuwa ni mageni. La kwanza ni jina la kituo chenyewe. "Sheli" ni jina la kampuni ya mafuta, Shell, ambalo katika vinywa vya watu wetu limegeuka kuwa jina la kituo chochote cha mafuta, kiwe cha kampuni iwayo yote. Kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni kombe au gamba la kiumbe wa baharini, na kampuni ililipata kutokana na biashara ya familia ya Samuel ya London, ambayo iliuza makombe ya baharini kabla haijauza mafuta ya taa. La pili ni lile ambalo wapigadebe wa Buguruni wamelipaza kwa miaka mingi wakielekeza abiria upande wa Barabara ya Uhuru: Kariakoo.

Neno la kwanza halina uchungu ndani yake. Twaweza kueleza asili yake, tukacheka kidogo, tukaendelea na safari. Neno la pili si hivyo. Mara kadhaa tumewauliza washarika, na hata wanafunzi wa theolojia waliozaliwa mjini humo, maana ya jina hilo. Wengi hujibu kwamba Kariakoo ni soko. Jibu hilo ni kweli, lakini ni sawa na kusema kwamba Golgotha ni kilima. Makala hii yakusudia kueleza neno hilo lilikotoka, watu waliolibeba kwanza, na sababu inayotufanya tuamini kwamba mchungaji hana ruhusa ya kulitamka bila kujua linasema nini.

2. Neno lenyewe

Kariakoo ni maneno mawili ya Kiingereza, "Carrier Corps", yaliyounganishwa na kuandikwa jinsi sikio la Mswahili lilivyoyasikia. Sikio hilo lilikuwa sahihi. Mwingereza hatamki "r" ya mwisho ya "carrier", wala hatamki herufi mbili za mwisho za "corps". Asemalo ni "karia-koo", kwa irabu ndefu mwishoni. Huko Nairobi, kambi ya jeshi hilo hilo iliacha jina lile lile, lakini pale wameandika Kariokor, kwa kuifuata zaidi tahajia ya Kiingereza. Unguja nako kuna mahali paitwapo Kariakoo. Wala mtu asitafute humo "koo", yaani kiungo cha kumezea. Mfanano huo ni wa sauti tu.

Sasa tutazame kila neno peke yake. Neno "carrier" ni la kila siku katika Kiingereza: ni mtu au chombo kichukuacho kitu. Limetokana na kitenzi "carry", ambacho Waingereza walikipokea kutoka Kifaransa cha kaskazini katika karne za kati. Nacho Kifaransa kilikitoa katika Kilatini cha baadaye, "carricare", yaani kupakia garini. Na shina la yote ni "carrus", gari la magurudumu, neno ambalo Warumi waliliazima kwa Wagalia. Hapa tuwaonye wanafunzi wetu juu ya kosa jepesi: neno letu "gari" halitoki huko, ingawa linafanana. Limetujia kutoka Kihindi kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Kufanana kwa maneno si udugu.

Basi neno la Kiingereza la kuchukua mzigo lina gurudumu tumboni mwake. Maneno ya Kiswahili hayana gurudumu, yana mwili. Kichwani mtu hujitwika, begani hupagaa, mgongoni hubeba, mtoto huelekwa mgongoni au ubavuni, na akiwa mapajani hupakatwa. Katika "kupagaa" limetoka "mpagazi", na katika shina hilo hilo limetoka "kupagawa", yaani kukaliwa na pepo kama mzigo uliowekwa juu ya mtu. Tumeazima pia "hamali" kutoka Kiarabu. Lugha yetu ilijua tangu zamani kwamba mzigo, popote uendapo, huenda juu ya kiungo cha mtu fulani.

Neno la pili, "corps", ni la jeshi: kikosi. Limepita katika Kifaransa, na asili yake ni Kilatini "corpus", yaani mwili. Kila mwanafunzi wa theolojia analijua neno hilo kutokana na mafundisho ya Meza ya Bwana. Katika shina hilo hilo Kiingereza kilipata "corpse", yaani maiti. Herufi moja tu huyatenga. Kwa asili yake, basi, Kariakoo maana yake ni "mwili wa wachukuzi". Jinsi mwili huo ulivyoelekea kuwa maiti ndiyo habari inayofuata.

3. Watu walioitwa kwa neno hilo

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki mwezi Agosti 1914, serikali ya Waingereza huko Nairobi iliunda kikosi cha wachukuzi na kukiweka chini ya Oscar Watkins, aliyekuwa ofisa wa utawala. Sababu ilikuwa wazi. Barabara za magari zilikuwa chache, reli zilikuwa mbili tu katika koloni la Wajerumani, na farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Pale ambapo gurudumu halikuweza kupita na mnyama hakuweza kuishi, alitumwa mtu. Hivyo neno lililozaliwa katika gari la magurudumu likapewa watu kwa sababu hasa hapakuwa na magurudumu.

Upagazi haukuwa kitu kigeni kwetu. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walisafiri kwa misafara kati ya Tabora na pwani, na mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha kwamba wengi wa wapagazi hao walikuwa watu huru wa kazi ya ujira, wenye ustadi, desturi na fahari yao. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi aliheshimiwa nyumbani. Mpagazi wa msafara aliweza kudai posho, na aliweza kugoma.

Kariakoo ilikuwa jambo jingine. Mwanzoni waliandikwa waliojitolea, lakini mwaka 1915 ilitungwa sheria iliyoruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima, na mshahara ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 John Ainsworth aliwekwa kusimamia uandikishaji mkubwa, na katika wilaya nyingi vijana walikamatwa kijiji kwa kijiji. Kadiri jeshi lilivyosonga kusini, watu wa Tanganyika nao waliingizwa kwa maelfu. Mwaka 1916 serikali ilibadili jina la kikosi, kikawa idara ya kazi za jeshi, lakini watu hawakulijali jina jipya. Waliendelea kuita Kariakoo.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kama ratili 50, nao ulichukuliwa siku baada ya siku katika mvua na matope. Watu wa nyanda za juu waliletwa katika joto na malaria ya Rufiji. Waliozoea viazi, ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi, mara nyingi bila chombo cha kutosha wala muda wa kuupika, nao uliwaharibu matumbo. Waliouawa na risasi walikuwa wachache. Walioangamia kwa kuhara damu, malaria, kichomi na uchovu walikuwa wengi mno. Kwa muda wote wa vita Waingereza walitumia wachukuzi karibu milioni moja, na makadirio ya wanahistoria juu ya waliokufa ni watu wapatao 95,000 au zaidi. Askari waliokufa wa upande huo huo walikuwa kama 11,000. Kwa maneno mengine, kwa kila askari mmoja aliyekufa, walikufa wachukuzi wanane au tisa.

Wala hatusemi kwamba upande wa Wajerumani ulikuwa na huruma zaidi. Jenerali Lettow-Vorbeck, aliyejisalimisha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, aliendesha vita vyake miaka minne juu ya mabega ya watu wetu, na wengi wao hawakuandikwa katika daftari lolote. Majeshi yote mawili yalinyang'anya nafaka, ng'ombe na vijana. Wagogo bado wanakumbuka njaa kuu iliyofuata, waliyoiita Mtunya.

4. Kambi, mtaa na soko

Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Nyuma ya mji wa Wajerumani, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, palikuwa na uwanja mpana pamoja na jengo ambalo Wajerumani walikuwa wamelisimamisha kabla ya vita. Hapo ndipo wachukuzi walipopigiwa kambi. Kutoka hapo walipangwa na kupelekwa kusini. Na hapo ndipo baadhi yao walirudishwa wakiwa wagonjwa.

Vita vilipokwisha, kambi ilivunjwa, lakini jina halikuondoka. Katika miaka ya 1920 watawala wapya waliugawa mji katika kanda tatu, na Kariakoo ikawa ndani ya kanda ya Waafrika, ikitengwa na mitaa mingine kwa uwanda wa Mnazi Mmoja. Jengo la Wajerumani likawa soko. Mitaa ilichorwa kwa mistari iliyonyooka, na majina yake mpaka leo ni kama daftari la safari: Nyamwezi, Kongo, Likoma, Livingstone. Katika mtaa ulioitwa New Street, ambao leo ni Lumumba, ndipo chama cha TANU kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954. Barabara ya Kichwele, iendayo Ilala hadi Buguruni, ikapewa jina la Uhuru. Hivyo mahali palipotajwa kwa watu walioshurutishwa ndipo walipokutana watu waliokataa kushurutishwa tena. Wanahistoria wa taifa letu hulitaja tukio la pili mara nyingi. La kwanza hulitaja kwa nadra.

Soko la zamani lilibomolewa, na badala yake likajengwa lile la zege lenye paa kama miavuli iliyopinduliwa, kazi ya msanifu Mtanzania, Beda Amuli. Rais Nyerere alilifungua mwaka 1975. Moto uliliunguza tarehe 10 Julai 2021, na kazi ya kulikarabati na kujenga jingine kando yake ikafuata. Majengo yamebadilika mara kadhaa, lakini jina limebaki lile lile.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha Mnara wa Askari katikati ya mji, mahali ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Wissmann. Maneno yake ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, aliyekuwa mshauri wa tume ya makaburi ya vita na ambaye mwenyewe alipoteza mwana vitani. Katika maneno hayo wachukuzi wanatajwa kuwa mikono na miguu ya jeshi. Lakini ukiinua macho juu ya mnara huo, unamwona askari mwenye bunduki peke yake. Katika mnara wa Nairobi mchukuzi amepewa nafasi kati ya watu watatu wa shaba. Katika ule wa Dar es Salaam hasimami juu pamoja na askari. Sanamu yake kwetu ni neno. Amesimamishwa katika kinywa cha kila mpigadebe, na kwa kuwa neno limesahauliwa maana, yeye naye amesahauliwa.

Usahaulifu huo haukuwa wa bahati mbaya. Wakati makaburi ya vita yalipotengenezwa, askari wa Kizungu walipewa kila mmoja jiwe na jina. Wachukuzi kwa jumla hawakupewa kaburi lenye alama wala jina katika ukuta, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Mwezi Aprili 2021 tume ile ile ya makaburi ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Mwezi Januari 2025 huko Cape Town ulizinduliwa mnara wenye majina ya wafanyakazi Waafrika wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700. Ni mwanzo, lakini ni mwanzo mdogo.

5. Kanisa lilikuwa wapi?

Swali hili haliwezi kukwepwa katika jarida kama hili. Sisi Walutheri tulikuwa na sababu ya kunyamaza: wamisionari wetu wa Kijerumani walishikwa na kuondolewa na Waingereza, na sharika za Dar es Salaam na Uzaramo zikabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Waafrika. Historia yetu ya miaka hiyo imezoea kusimulia jinsi Injili ilivyotunzwa na wenyeji hao, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Hata hivyo imesimulia kidogo juu ya washarika waliotolewa katika madarasa ya ubatizo na kutwikwa mizigo ya jeshi hili au lile.

Kwa makanisa mengine, mifano miwili yajulikana. Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, aliunda kikosi cha wachukuzi wa Unguja mwaka 1916, akapewa cheo cha meja, akatembea pamoja nao bara. Mwaka 1917 Daktari John Arthur wa misheni ya Kiskoti ya Kikuyu aliongoza zaidi ya watu 1,500 wa misheni mbalimbali. Na kwa kuwa walikuwa na viongozi waliowajua na chakula kilichotunzwa, walikufa wachache kuliko katika makundi mengine.

Tuwaamueje watu hawa? Wapo watakaosema kwamba walilipa jeshi la ukoloni baraka ya Kanisa, na hoja hiyo ina uzito. Lakini kundi la Arthur linathibitisha jambo moja ambalo wakubwa wa vita wasingependa lithibitishwe: kwamba vifo vile havikuwa amri ya Mungu wala udhaifu wa Mwafrika. Palipokuwa na mtu wa kuangalia sufuria na mgonjwa, watu waliishi. Weston naye hakuacha jambo hilo vitani. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu cha kuishutumu serikali ya nchi yake kwa kazi za lazima katika koloni la Kenya. Aliyetembea na wachukuzi alishindwa kuwasahau.

6. Mzigo na mwili katika Maandiko

Katika Agano Jipya la Kiyunani limo neno "angareuo", lenye asili ya Kiajemi. Lilihusu wajumbe wa mfalme waliokuwa na haki ya kumkamata mtu au mnyama kwa ajili ya safari ya serikali. Mathayo analitumia katika Hotuba ya Mlimani, juu ya mtu alazimishwaye kwenda maili moja. Tena analitumia katika habari ya mateso, pale askari wanapomshika Simoni Mkirene na kumshurutisha kuuchukua msalaba. Simoni alikuwa mtu wa Afrika aliyetoka njiani, hakuulizwa hiari yake, akatwikwa mzigo wa dola. Tungeweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba siku hiyo Simoni aliingia Kariakoo. Lakini wainjilisti walimwandika jina. Marko alitaja hata watoto wake. Dola haikumhitaji jina lake, Kanisa lililihitaji.

Paulo, katika sura ya sita ya Waraka kwa Wagalatia, atofautisha mizigo ambayo imetupasa kuchukuliana na furushi ambalo kila mtu atalichukua mwenyewe. Kiyunani kina maneno mawili pale, na watafsiri wetu walifanya vema kuyatenga. Dhambi ya Kariakoo ilikuwa kuwatwika watu wengine furushi ambalo halikuwa lao. Huko si kuchukuliana mizigo. Ni kinyume chake. Tena mtume huyo huyo, akiwaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja, asema kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge ndivyo vya lazima. Jeshi lilikiri kwa maandishi kwamba wachukuzi walikuwa mikono na miguu yake, kisha likawaacha bila kaburi. Mwili unaosahau mikono yake haustahili jina la mwili.

Kwa hiyo tunapolitamka neno "mwili" mezani pa Bwana, katika usharika ulio hatua chache kutoka kambi ile ya zamani, tunalitamka juu ya ardhi iliyokwisha kuitwa kwa neno hilo hilo, lakini kwa maana nyingine. Yule tunayemtangaza alijitwika mwenyewe, hakuwatwika wengine. Tofauti ya miili hiyo miwili ndiyo tofauti ya Injili na dola.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba neno la Kiingereza la kila siku, lenye asili ya gari, lilipewa watu walioshika nafasi ya gari. Kwamba watu hao walikufa kwa makumi ya maelfu. Na kwamba jina lao limebaki hadharani huku wenyewe wakiwa hawamo katika ukumbusho wetu. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika Jumapili ya kuwakumbuka waliolala, mwishoni mwa mwaka wa Kanisa, sharika za Kariakoo, Ilala na Buguruni ziwataje wachukuzi wa vita ile. Pili, wanafunzi wetu wanapofanya utafiti vijijini wawaulize wazee majina ya babu waliokwenda Kariakoo wasirudi, na wayaandike. Majina hayo yakiandikwa sasa hayatapotea pamoja na wajukuu.

La tatu ni la kila siku. Katika mitaa ya soko mpaka leo wapo vijana wapitao na gunia kichwani, au wakisukuma mkokoteni na guta kati ya magari yanayowapigia honi. Wengi hutoka vyumba vya kupanga vya Buguruni kabla ya alfajiri. Wao hulipwa, wala hakuna awashurutishaye kwa sheria. Lakini ni mara ngapi tumewapisha kwa hasira, tukanunua walichokichukua, pasipo kuuliza jina? Mchungaji apitaye hapo na aanze kwa kuuliza jina.